Matairi yanayostahili Ford Model A ya 1930 ambayo haijawahi kukarabatiwa

Mtunza Kale ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaomba ushauri kuhusu matairi ya Ford Model A ya mwaka 1930, ile ya milango miwili yenye paa la kudumu, ambayo haijawahi kupakwa rangi upya wala kuvuliwa bodi. Rangi yake imefifia, na kwenye kingo za milango imelika hadi chuma kinaonekana. Vitambaa vya viti vimechakaa, lakini ni vile vile vilivyotoka nalo kiwandani, na injini inawaka bila shida. Sina nia ya kulifanya lionekane jipya. Ninachotaka ni litembee, na mtu anayeyajua magari haya akilitazama asikute kitu chochote kinachomdanganya.

Kinachonikwamisha ni matairi. Yako matano, na hakuna mawili yanayofanana. La mbele kushoto limeandikwa "Rayon" ubavuni, na moja la nyuma limeandikwa "Nylon". Mawili mengine maandishi yake yamefutika kiasi kwamba kinachosomeka ni kipimo tu, 4.75-19. Tairi la akiba, lililofungwa nyuma ya gari, lina maandishi "Firestone Gum-Dipped". Meno yake yangalipo karibu yote, ila mbavu zimepasuka kwa mistari mingi, na katika mpasuko mmoja mpana ninaona nyuzi za rangi ya kahawia zikiwa zimelala sambamba.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, inawezekana hilo la akiba ni la kiwandani? Kwa ajili ya kutembea barabarani, nitafute matairi ya aina gani ili yalingane na zama za gari? Na je, ni sawa kuweka yenye ubavu mweupe, kwa kuwa picha nyingi za Model A ninazoziona zinayo?

---

Chuma Kikongwe amejibu:

Ndugu Mtunza Kale, hongera kwa gari hilo, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya kung'oa chochote. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloongoza mengine.

Tunapozungumzia tairi sahihi kwa zama zake, wengi wetu huwaza siku ile moja gari lilipotoka kiwandani. Kwa gari lililofumuliwa na kujengwa upya kipimo hicho kinafaa, kwa kuwa mkarabati amekusudia kulirudisha kwenye siku hiyo. Gari lako ni la aina nyingine. Limebeba miaka yake yote kwa pamoja, na matairi ni miongoni mwa vitu ambavyo mwenye gari alivibadilisha mapema kuliko vingine. Tairi la nyuzi za pamba la mwaka 1930 liliisha upesi, kwa hiyo gari lililofanya kazi ya kila siku lilikuwa limemaliza matairi yake ya kwanza, na pengine ya pili, kabla ya muongo huo kwisha.

Baadaye ikaja vita. Japani ilipoteka Malaya na nchi ambayo leo ni Indonesia mwanzoni mwa 1942, Marekani ilikatiwa takribani sehemu tisa katika kumi za mpira wa asili iliokuwa ikiutegemea. Matairi ya magari ya watu binafsi yaliingizwa kwenye mgao Januari 1942, na kabla ya mwaka huo kwisha mwenye gari alitakiwa abaki na matairi matano tu, ya ziada ayauze serikalini, la sivyo angekosa petroli ya mgao. Katika miaka hiyo watu waliendesha kwa matairi yaliyobandikwa mpira mpya juu ya mwili wa tairi la zamani, au walichukua lolote lililoenea kwenye rimu. Gari lenye matairi matano yasiyofanana, kwa hiyo, linasema kweli kuhusu maisha liliyoyapitia.

Sasa yasome moja moja. Rayoni, aina ya nyuzi za kutengenezwa, ilianza kutumika kwenye matairi ya magari ya kawaida karibu na 1938, na nailoni ikaingia baada ya vita, kuanzia 1947 hivi. Tairi lako la "Nylon", basi, haliwezi kuwa la kabla ya hapo, nalo linakuambia kwamba gari lilikuwa bado linahudumiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 au baada yake. Ukiwa na kadi za usajili au risiti za zamani, zilinganishe na habari hiyo.

Hilo la akiba ndilo linalonisisimua. Kampuni ya Firestone iliyaita "Gum-Dipped" matairi ambayo nyuzi zake zilichovywa katika mpira ulioyeyushwa kabla ya kupangwa, ili kila uzi uvikwe mpira usisuguane na jirani yake na kuzalisha joto. Njia hiyo ilikuwepo tangu miaka ya 1920, na nyuzi za kahawia unazoziona zinaelekea kuwa pamba. Ford ilikuwa ikinunua matairi kwa Firestone tangu 1906, ingawa kufikia zama za Model A haikuwa ikinunua kwao peke yao. Kwa hiyo tairi hilo linaweza kuwa la kwanza kabisa, hasa kwa kuwa tairi la akiba huwa ndilo linalofanya kazi kidogo kuliko yote. Lakini maandishi hayo yaliendelea kutumika miaka mingi baada ya 1930, hivyo yachukue kama ushahidi unaoruhusu dhana hiyo bila kuithibitisha. Tazama jinsi lilivyokaa kwenye rimu: ikiwa rangi ya kiwandani ya rimu haina alama za mtaimbo kwenye ukingo, na vumbi na kutu vimeshikamana na tairi kwa mstari mmoja usiokatika, una sababu nzuri ya kuamini kwamba halijavuliwa kwa muda mrefu sana.

Vyovyote itakavyokuwa, usilitie upepo mwingi, na usilitembelee hata hatua moja.

---

Barabara Ndefu amejibu:

Ninaheshimu maelezo ya Ndugu Chuma Kikongwe, lakini naomba niseme kwa upande wa dereva. Model A ina breki za vyuma na fito, kwa kuwa Ford hawakuweka breki za maji hadi modeli za 1939. Gari lenye uzito wa takribani tani moja na breki za namna hiyo, likiwa katikati ya magari ya leo, linahitaji kila msaada linaoweza kuupata. Matairi ya radiali, yaani ya muundo wa kisasa, yenye kipimo cha inchi 19 yanapatikana. Hayafuati mifereji ya barabara, hayagongi asubuhi baada ya gari kulala mahali pamoja, na hushika lami vizuri zaidi mvua inaponyesha. Mtazamaji akiona tofauti ndogo ubavuni, na aione. Mimi naona uhai wa waliomo ndani ya gari unatangulia mwonekano.

---

Mpima Rimu amejibu:

Hoja ya usalama ni nzito na sitaipuuza, lakini nadhani imeelekezwa pasipo pake. Nitaeleza kwa nini, kisha nitajibu maswali mawili yaliyobaki.

Katika tairi la zamani, nyuzi hupangwa kwa mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tabaka moja likikata jingine, kwa hiyo ubavu na sehemu ya kukanyagia ni mwili mmoja mgumu. Katika radiali, nyuzi hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda wa pekee huzunguka chini ya meno. Michelin, kampuni ya Ufaransa, waliisajili mbinu hiyo 1946 na kuanza kuuza tairi lililoitwa X mwaka 1949, yaani miaka 19 baada ya gari hili kutengenezwa. Ubavu wa radiali huvimba chini ya mzigo kwa namna ambayo jicho lililozoea hulitambua kutoka mbali. Zaidi ya hapo, radiali hushika barabara kwa nguvu na kuirudisha nguvu hiyo kwenye rimu pindi gari linapokata kona. Rimu za Model A ni za spoki za chuma zilizochomelewa, zilizopimwa kwa ajili ya tairi linaloteleza kidogo mapema, na hizi zako zina umri unaojulikana. Mimi singeongeza mzigo huo juu ya uchovu wa chuma cha karibu miaka 100 bila kwanza kuzikagua spoki zote sehemu za kuchomelea.

Hatari kubwa katika magari haya hutokana na tairi kuukuu kuliko mpangilio wa nyuzi. Tairi jipya la mshazari, lenye upepo sahihi, ni salama kwa mwendo ambao Model A iliumbiwa. Ford walielekeza pauni 35 kwa inchi mraba, na kiwango hicho bado kinafaa. Wengi wanaolalamika kwamba gari linayumba huwa wamejaza upepo mdogo, au pini za usukani zimelegea, kisha lawama inaangukia tairi. Neno moja la kukazia: usichanganye kamwe radiali na mshazari kwenye gari moja.

Kuhusu kipimo, 4.75-19 maana yake tairi lina upana wa inchi 4.75 na linakaa kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 19. Kwa matairi ya wakati huo kimo cha ubavu kilikaribia upana wake, kwa hiyo ukijumlisha 19 na upana mara mbili unapata kipenyo cha nje cha inchi 28.5. Model A za 1928 na 1929 zilikuwa na 4.50-21, ambayo kwa hesabu hiyo hiyo inafika inchi 30. Ninakutajia hizo kwa sababu rimu za inchi 21 zinafungika kwenye gari lako na watu huziuza pamoja na za inchi 19; ukizichanganya, gari litasimama vibaya na kipima mwendo kitasema uongo. Leo utakuta tairi jipya limeandikwa 4.75/5.00-19, maana yake linachukua nafasi ya vipimo vyote viwili. Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, huuza matairi yenye jina la Firestone katika kipimo hicho, yakiwa na meno na maandishi ya mtindo wa zamani, na huko Uingereza kampuni kama Longstone na Blockley hushughulikia matairi ya magari ya umri huu. Ndani yake nyuzi zitakuwa za nailoni au poliesta badala ya pamba. Hilo halinisumbui hata kidogo: halionekani, na ndilo linalokurudisha nyumbani salama.

Ubavu mweupe ulikuwepo 1930 kama nyongeza ya kulipia. Asili yake ni ya kuvutia, kwa kuwa matairi ya mwanzo yalikuwa meupe au ya kijivu yote kutokana na oksidi ya zinki iliyochanganywa ndani yake. Baada ya watengenezaji kuingiza masizi kwenye mpira katika muongo wa 1910, sehemu ya kukanyagia ikawa nyeusi na kudumu zaidi mara nyingi, na kwa baadhi ya matairi weupe ukabaki ubavuni. Kufikia Model A, gari la bei nafuu la kawaida lilitoka likiwa na matairi meusi. Picha unazoziona ni za magari yaliyokarabatiwa, ambayo wenyewe waliyapenda yakiwa yamepambwa. Kwenye rangi iliyofifia kama ya gari lako, duara jeupe lingevuta macho yote, na ile rangi ya asili uliyoitunza isingeonwa na mtu. Chagua meusi.

Usijaribu pia kuyazeesha matairi mapya kwa msasa au rangi. Katakata vile vinywele vya mpira vilivyobaki kutoka kwenye kalibu kama vinakukera, usipake mafuta ya kung'arisha, kisha liendeshe. Vumbi litafanya kazi yake.

---

Sanduku la Spana amejibu:

Nyongeza fupi lakini ya muhimu. Kwenye minada ya vipuri, ikiwemo ule mkubwa wa Hershey, Pennsylvania, unaofanyika kila Oktoba, utakutana na matairi ya zamani ambayo hayajawahi kufungwa kwenye gari, mengine bado yamezungushiwa karatasi ya kiwandani. Yanatamanisha sana, na kwa mwonekano hakuna yanayoyashinda. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa gizani. Oksijeni huukausha, ozoni huupasua, na pamba iliyowahi kupata unyevu huoza ndani huku ubavu ukionekana mzima. Nunua kwa ajili ya maonyesho tu.

Ukinunua matairi yaliyotengenezwa siku hizi, soma tarakimu za mwisho za namba inayoanza na DOT, alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Tangu mwaka 2000 huwa nne: mbili za juma na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Matairi ya vipimo adimu hukaa ghalani muda mrefu, hivyo mwombe muuzaji akusomee namba hiyo kabla hujalipa, kwa kila tairi.

---

Mtunza Kale ameandika:

Nawashukuru nyote, pamoja na Ndugu Barabara Ndefu ambaye hoja yake imenifanya nikague pini za usukani. Kweli zina mchezo, nami nitazishughulikia kwanza. Nimeamua kutumia matairi meusi ya mshazari.

Nimeitazama rimu ya tairi la akiba kwa kurunzi. Ukingo wote una rangi isiyo na mkwaruzo, na mstari wa kutu kati ya rimu na tairi haujakatika popote. Sasa ninaogopa kulivua. Je, kuna njia ya kulitoa bila kulichana, au niliache lilipo? Na yale manne mengine, yanastahili kuhifadhiwa au niyatupe?

---

Chuma Kikongwe amejibu:

Usilivue. Kwa maelezo hayo, rimu ile, rangi yake, tairi na tyubu iliyomo ni kitu kimoja ambacho hakijatenganishwa, na thamani yake iko katika kutotenganishwa huko. Model A zilitengenezwa kwa mamilioni, na rimu za inchi 19 hazijaadimika. Tafuta rimu moja iliyo nzima, ifunge tairi jipya na tyubu mpya, na hiyo ndiyo iwe akiba yako ya safari, ikikaa ndani ya gari au nyuma pale pale. Ile ya zamani irudishe mahali pake siku za maonyesho tu. Iache na upepo wa kutosha kushika umbo, usiozidi pauni chache. Siku nyingine ihifadhi ndani, mahali pakavu, pa giza na pa baridi, mbali na mota za umeme na mashine za kuchomelea, kwa kuwa cheche zake huzalisha ozoni. Usiipake chochote. Dawa za kurudishia mpira weusi hulainisha juu na kuharakisha nyufa chini.

Yale manne yavue, lakini kwa subira. Rimu za Model A zina bonde katikati, na siri yote ya kazi hii iko hapo: upande mmoja wa ukingo wa tairi ukizama bondeni, upande wa pili hupata nafasi ya kupanda juu ya rimu bila kulazimishwa. Fungua valvu, toa upepo wote, kisha lipashe tairi joto kwa kuliweka juani au kwenye chumba chenye joto kwa saa kadhaa hadi mpira ulegee. Mwagia maji ya sabuni pande zote na bonyeza ukingo kidogo kidogo ukizunguka, bila kutumia mtaimbo mahali pamoja. Tairi likigoma kabisa, kata tairi, uiache rimu ikiwa salama, maana rimu yenye rangi ya kiwandani huipati tena. Ningehifadhi la "Rayon" na la "Nylon", kila moja likiwa na kipande cha karatasi kinachoeleza lilikuwa gurudumu lipi na lilivuliwa lini. Hayo mawili yasiyosomeka yapige picha, pima kina cha meno, andika, kisha amua mwenyewe.

---

Mpima Rimu amejibu:

Naongezea kazi ya rimu zenyewe kabla hujafunga mapya. Ndani ya bonde utakuta kutu iliyovimba kwa magamba. Ikwangue kwa brashi ya waya hadi ufikie chuma kigumu, kwa sababu gamba moja lililosimama linatosha kuitoboa tyubu mpya. Paka rangi ya kuzuia kutu sehemu ya ndani tu, ile itakayofunikwa na tairi, na nje usiguse kitu. Gonga kila spoki taratibu kwa kipande cha chuma chepesi na usikilize. Inayotoa sauti butu kuliko wenzake itazame pale ilipochomelewa, kwa lenzi ya kukuzia ikibidi. Rimu yenye ufa iondoe kwenye matumizi ya barabarani, hata kama rangi yake ni nzuri.

Tyubu za asili zilikuwa na shina la chuma lililokazwa kwa nati kwenye rimu, na nyingi za leo zina shina la mpira. Kuna zinazotengenezwa upya kwa shina la chuma, nami ningezitafuta, kwa kuwa shina hilo huonekana waziwazi katikati ya spoki na ni la kwanza kuangaliwa na mtu anayejua. Kabla ya kuiingiza, pangusia tyubu unga wa talki, itie upepo kidogo ipate umbo, na hakikisha shina limesimama wima kwenye tundu lake. Baada ya kufunga, jaza hadi ukingo ukae sawasawa pande zote, toa upepo wote, kisha jaza tena hadi pauni 35. Mara ya pili tyubu hujinyoosha na mikunjo ya ndani hutoweka.

Zungusha gurudumu ukiwa umelipandisha kwa jeki, na angalia ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu. Ukiwa sawa kote umbali wake kutoka kwenye chuma, shusha gari na ukaze nati kwa kuruka moja baada ya nyingine, kisha zikague tena baada ya safari fupi ya kwanza.